Kati ya Dubu na Peasi

Kila Jumanne, theluji iwepo isiwepo,
Renee Ahonen hupandisha kigari hadi ghorofa ya pili,
na Tilda, miezi ishirini na miwili, buti moja tu mguuni,
huketi mbele ya maikrofoni yangu kama aliyekuja kudai deni.

Namwonyesha peasi la plastiki.
Dubu, anasema.
Namwonyesha dubu wa manyoya, sikio limetafunwa.
Dubu.

Kwa Kiingereza majina hayo ni pacha,
hutofautiana mlangoni tu, pale midomo inapoachana.
Kwa dubu, koo huitika papo hapo.
Kwa peasi, midomo hufunguka, pumzi hutangulia peke yake,
koo hungoja
vipande sitini, sabini, vya sekunde iliyokatwa mara elfu,
ndipo nalo liingie.
Ngoja kidogo, umepata tunda.
Usipongoja, umekutana na mnyama.

Hakuna aliyemfundisha mama yake kungoja.
"Miaka thelathini na minne," akaniambia,
"kumbe nimemeza saa?"
Alicheka, kisha akaacha kucheka.
Dukani, wiki iliyopita, Tilda alinyoosha kidole kwenye matunda
akapiga ukelele, na mzee mmoja akageuka haraka,
maana hapa Duluth dubu hushuka kweli kutoka mlimani
kupekua mapipa ya taka.
Watu walicheka. Mtoto hakucheka.
Alirudia neno lilelile, kwa nguvu zaidi,
kama mtu anayesukuma mlango ulioandikwa vuta.

Usiku nabaki na sauti yake kwenye kioo cha kompyuta,
vilima vya kijivu, mstari mwembamba wa kupimia.
Dubu: nane. Kumi na moja. Tisa.
Peasi: kumi na tisa. Ishirini na mbili. Ishirini na moja.
Nikadhani nimekosea.
Nikapima upya, arobaini kwa arobaini,
chai ikaganda utando.
Dubu: tisa. Peasi: ishirini.

Alikuwa akingoja.
Kwa kipimo chake, kwa koo lake dogo, alikuwa akingoja,
ila kungoja kwake kulikuwa kufupi kuliko usikivu wetu.
Tulikuwa tukimsahihisha mtu aliyekwisha kusema kweli.

Nikampigia Renee, saa nne usiku.
Alikaa kimya; nilisikia honi ya meli ya chuma
ikiomba daraja linyanyuliwe.
"Ametuambia tangu lini?"
Sikujua. Labda tangu Novemba.

Sikumwambia habari za baba.
Baada ya kiharusi, lile pengo lilimtoka,
kila kilichohitaji pumzi kikaja bila pumzi.
Kitandani aliomba peasi, siku tatu,
na mimi, msomi wa sauti, nikampigapiga mkono nikasema
hapa hakuna dubu, baba, tulia.
Sikuwa na maikrofoni.
Huenda palikuwa na vipande kumi na viwili
kati ya alichotaka na nilichosikia.
Huenda hapakuwa na kitu.

Machi, Tilda alitimiza miwili, na upepo ukamjia.
Ghafla peasi likawa tufani: mia na arobaini,
mia na sitini, mashavu yamefura,
pumzi ndefu hata ukaweza kuvua koti ukalitundika
kabla irabu haijafika.
Mshumaa wa keki aliuzima kwa kutaja tunda.
Amezidisha, kama wote wanavyozidisha
wanaogundua kwamba kungoja ni kitu, na kitu hicho ni chao.
Atapunguza. Mwaka, miaka kadhaa; simharakishi.

Leo ameketi tena, buti zote mbili,
namwonyesha peasi la plastiki.
Ananitazama mimi kwanza, si tunda.
Anafunga midomo.
Anaiweka hivyo, imefungwa, muda wote anaoutaka,
na mimi, mkono juu ya kitufe,
nangoja.

Sponji ya maikrofoni imelowa mate.
Siifuti.